Maswali mnayouliza sana kuhusu Land Cruiser: VX, V8, Prado, hardtop, zote zilitoka wapi?

Wakuu, haya ndo maswali yanayojirudia kila ukitaja Land Cruiser mbele ya watu wawili watatu. Mkanganyiko mwingi wa VX, V8, Prado na hardtop unatokana na jambo moja tu, kwamba Land Cruiser sio gari moja, ni ukoo wenye matawi matatu na yote matatu yanabeba jina moja. Ukishajua matawi yaligawanyika lini na kwanini, mengine yananyooka yenyewe.

Land Cruiser ya kwanza ilitoka lini?

Januari 1951, ila haikuitwa Land Cruiser, iliitwa Toyota Jeep BJ. Japani bado ilikuwa chini ya Wamarekani baada ya kushindwa vita, Vita vya Korea vimelipuka 1950 hapo jirani, jeshi la Marekani linataka magari na linayataka haraka, na Japani yenyewe ndo kwanza imeunda kikosi cha polisi wa akiba ambacho nacho kinataka gari dogo la kupita popote. Tenda ikatangazwa. Toyota hawakuwa na gari la hivo kabisa, kwahiyo wakachukua vilivyokuwepo stoo: chesisi ya lori lao dogo, wakaiwekea mfumo wa kuvuta magurudumu yote manne, halafu wakapachika injini ya lori kubwa, ile aina ya B, petroli, silinda sita, 3,386 cc.

Injini ya lori kwenye kigari kidogo, yaani hapo ndo tabia nzima ya Land Cruiser ilipozaliwa. BJ haikuwa hata na ile gia ya low ya 4WD, kwa sababu injini ilikuwa inavuta kwa nguvu kuanzia chini kabisa kiasi kwamba waliona haina haja.

Tenda walikosa. Polisi wa akiba wakachukua Jeep ya Willys ambayo Mitsubishi walikuwa wanaiunda kwa leseni.

Sasa kama walikosa tenda, gari ilinusurikaje?

Kwa mlima. Julai 1951 dereva wa majaribio wa Toyota, Ichiro Taira, aliipandisha BJ Mlima Fuji mpaka kituo cha sita, sehemu ambayo gari lilikuwa halijawahi kufika. Polisi wa vijijini wakaona, wakaagiza gari 289. Uzalishaji wa kawaida ukaanza 1953, na hapo bado ni gari la polisi, zimamoto na mafundi wa umeme wa milimani, raia wa kawaida hakuwa na habari nayo.

Ni kweli Land Cruiser ni kopi ya Jeep?

Kimawazo ndiyo, na hata hadithi inarudi nyuma zaidi ya 1951. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Japani liliingia Ufilipino, likakuta huko kigari cha Kimarekani cha Bantam, likakisafirisha mpaka Japani na kuwaambia Toyota watengeneze chao cha namna hiyo lakini kisifanane sana. Kikatoka kinachoitwa AK. Hakikufika mbali.

Ila BJ yenyewe kiufundi haikunakiliwa kutoka Jeep. Ilikuwa kubwa kuliko Jeep, ina injini ya silinda sita wakati Jeep ina nne, na vipuri vyake vilikuwa vya malori ya Toyota. Mtu anayesema ni kopi anaangalia sura, sura kweli wamefanana, lakini sidhani kama miaka ile ungeweza kuchora gari la wazi la 4WD lisifanane na Jeep.

Jina lilitoka wapi?

Willys walikuwa wanamiliki jina la Jeep kisheria, kwahiyo Toyota hawakuweza kuendelea kulitumia. Mwaka 1954 Hanji Umehara, mkurugenzi wa ufundi wa Toyota, ndo akatoa jina Land Cruiser. Alieleza baadaye kwamba Uingereza kulikuwa na mshindani anaitwa Land Rover, akataka jina ambalo halitaonekana dogo likikaa pembeni ya hilo. Basi.

Ilitokaje Japani mpaka kila kona ya dunia?

Mwaka 1955 likaja toleo la 20, fupi kidogo na lenye starehe kiasi, na hilo ndo lilitengenezwa likiwa na soko la nje kichwani. Ghuba iliwahi mapema sana: Saudia, Abdul Latif Jameel, mfanyabiashara wa Jeddah aliyeanza na kituo cha mafuta 1945, alianza kuuza Land Cruiser 1955. Australia ziliingia mwishoni mwa miaka ya 50 kupitia mkandarasi Leslie Thiess aliyekuwa anajenga kwenye ule mradi mkubwa wa mabwawa wa Snowy Mountains, akazitumia kwenye matope na barafu, akaridhika, akawa muagizaji. Ukiwaona Waaustralia leo na wanavyoiabudu Land Cruiser, chanzo ni pale.

Marekani ndo kuna kisa kizuri. Toyota walienda na saluni yao, Crown, ikashindwa kwenye barabara za kasi za kule, haina nguvu, inachoka, wakaisitisha 1960. Kilichobaki dukani cha kuuza ni Land Cruiser. Kwa miaka kadhaa, mpaka saluni nyingine, Corona, ilipokuja 1965, Toyota Marekani iliishi kwa Land Cruiser. Kampuni nzima ilishikiliwa na gari la kilimani, na leo watu wanadhani Toyota ilijijenga kwa Corolla peke yake.

Ile ya zamani ya mataa ya duara, wazungu wanaitafuta kwa bei ya ajabu, ni ipi?

Hiyo ni 40. Ilianza 1960 na ikaenda mpaka 1984, miaka 24 sura ileile. FJ40 ni ya petroli, BJ40 ni ya dizeli iliyoongezwa miaka ya 70, na 45 ndo ndefu. Brazil waliendelea na ndugu yake, Bandeirante, mpaka 2001. Toyota wenyewe wameanza tena kutoa vipuri vya 40, walitangaza 2021 gari lilipotimiza miaka 70, kwahiyo kama babu ameacha moja imeegeshwa kwenye banda la kuku, msiiuze kwa kilo.

Sawa, hayo matawi matatu yalianza lini?

Hapa soma taratibu, ndo moyo wa jambo lote.

Mgawanyiko wa kwanza ni 1967. Wanunuzi, hasa Marekani, walitaka Land Cruiser ya familia, iliyofungwa vizuri, ndefu, ina nafasi ya mizigo. 40 haikuwa hivyo, ile ni gari ya kazi. Toyota wakatoa FJ55, na kuanzia hapo kuna mstari wa starehe: 55, halafu 60 mwaka 1980, 80 mwanzoni mwa 1990, 100 mwaka 1998, 200 mwaka 2007, 300 mwaka 2021. Hili ndo tawi la mashangingi.

Mstari wa kazi ukaendelea peke yake: 40, halafu 70 kuanzia Novemba 1984 mpaka leo hii unaposoma.

Mgawanyiko wa pili ukatokea ndani ya 70 hiyohiyo. Karibu na 1985 Toyota walitoa 70 nyepesi, yenye koili badala ya springi za vyuma bapa, injini ndogo ya dizeli 2.4, kwa ajili ya mtu anayetaka sura ya Land Cruiser bila kuumia mgongo. Masoko mengine waliiita Land Cruiser II. Mwaka 1990 hiyo nyepesi ikapewa jina lake: Prado.

Kwahiyo Prado ni Land Cruiser ya kweli au sio?

Ni ya kweli kwa jina na kwa historia, Toyota wenyewe wanaihesabu, na ubishi huu wa vijiweni hauna faida. Ila ni tawi jepesi. Kuanzia Prado ya 90, iliyotoka 1996, chesisi ilitoka upande wa Hilux Surf na miguu ya mbele ikawa ya kujitegemea, hakuna tena ekseli moja nzima kutoka tairi mpaka tairi. Ikaja 120 mwaka 2002, ndo ile ya umbo la mviringo iliyojaa sana Nairobi na Dar, halafu 150 mwaka 2009 iliyokaa sokoni zaidi ya miaka kumi.

Utamu ni kwamba 2023 mambo yamegeuka. Prado mpya inaitwa Land Cruiser 250, na imejengwa juu ya fremu ya familia moja na 300. Yaani tawi jepesi limerudi kuwa karibu na kaka yake kuliko wakati wowote tangu 90. Masoko mengine bado wanaiandika Prado, na Marekani ndo wanaiita Land Cruiser tu, maana kule 300 haiuzwi, ukitaka ya ukubwa ule unapewa Lexus LX.

VX na GX ni modeli tofauti?

Hapana. Ni madaraja ya vifaa ndani ya gari moja. 80 ilikuwepo GX na VX, 100 ilikuwepo GX na VX, na kadhalika mpaka Prado. Kwetu VX limezoeleka kumaanisha ile 80 au 100 ya bosi, kwa sababu VX ndo ilikuwa inakuja na viti vizuri, na ndo walizonunua wakubwa. Ukimuambia muuzaji wa Japani "nataka VX" bila kutaja namba atakuuliza VX ya nini.

TX na TZ za Prado je?

Hilohilo. Majina ya madaraja ya Prado za soko la ndani la Japani, TX ya kawaida, TZ ya juu. TX-L ina ngozi na vikorombwezo kadhaa. Injini inaweza kuwa ileile.

V8 ni gari gani hasa?

V8 ni mpangilio wa injini, silinda nane zimegawanywa nne nne kwa umbo la V. Land Cruiser haikuwahi kuwa nayo mpaka 100 mwaka 1998, ilipokuja na petroli ya 4.7. Ila jina lilishika kasi mtaani na 200, ya 2007, kwa sababu ya kibandiko cha V8 na kwa sababu ya dizeli yake ya 4.5 yenye turbo mbili. Kuanzia hapo Afrika Mashariki nzima V8 ikawa jina la gari, la cheo na la msafara.

Sasa angalieni vizuri. 100 nyingi zilizokuja kwetu ni dizeli ya 4.2 silinda sita za mstari, sio V8. 200 za Ghuba kuna zilizotoka na petroli V6 ya 4.0, nazo sio V8. Na Prado haijawahi kutoka kiwandani na V8 hata siku moja, ukiona kibandiko hicho kwenye Prado jua mtu kapita dukani kanunua kibandiko. Ndugu yake wa Lexus, GX 470 na GX 460, huyo ndo alikuwa na V8, na labda fununu zilianzia hapo.

"V8 mpya", yaani 300, ina V8?

Haina! Hakuna 300 ya V8. Ni V6 turbo mbili: dizeli 3.3 au petroli 3.5, na Ghuba wamepewa pia ile 4.0 ya zamani isiyo na turbo. Watu walilalamika sana ilipotangazwa Juni 2021, ila namba zinasema kinyume na malalamiko, dizeli ya 3.3 inatoa farasi 309 na torki ya Nm 700 wakati ile V8 ya 200 ilikuwa chini yake kwa vyote viwili, na gari limepungua karibu kilo 200. Hizo za turbo zina giaboksi ya gia kumi. Mimi naona sauti ya V8 ndo kitu pekee walichopoteza, na kusema ukweli kwenye dizeli sauti yenyewe haikuwa ya kutungiwa shairi.

Kwa taarifa, foleni ya Japani ilifika mahali Toyota wakatangaza mwanzoni mwa 2022 kwamba anayeagiza anaweza kusubiri mpaka miaka minne. Ndo maana bei ya iliyotumika ilipanda kuliko mpya. Halafu Januari 2024 usafirishaji ukasimamishwa kwa muda baada ya kugundulika udanganyifu kwenye vipimo vya nguvu vya injini za dizeli zinazotengenezwa na Toyota Industries, zikiwemo za 300. Sio kwamba injini ni mbovu, karatasi ndo zilichezewa, lakini ni doa.

Hardtop na mkonga ni gari moja?

Tunazungumzia 70. Hardtop, ile yenye bodi ndefu ya bati, ni 78, pikapu ni 79, ya milango minne fupi ni 76. Mkonga ni lile bomba la kuvuta hewa juu ya kioo, na kwa sababu 70 nyingi zinakuja nalo basi watu wameliita gari zima hivo.

Hii ndo gari ninayoipenda kuliko zote kwenye ukoo huu, naomba mnivumilie. Nenda ilipoegeshwa moja, inama mbele, chungulia chini. Utaona chuma kimoja kinene kinatoka tairi la kulia mpaka la kushoto, na tumbo la difu limekaa pembeni kidogo, sio katikati. Hiyo ni ekseli nzima, haina mambo mengi ya kuvunjika, na fundi wa Tunduma au Lodwar anaijua kwa kupapasa. Mpaka 1999 mbele kulikuwa na springi za vyuma bapa, kuanzia hapo wakaweka koili mbele na kuacha vyuma bapa nyuma kwa ajili ya mzigo. Kwenye tairi za mbele kuna kile kitasa cha kufunga kwa mkono kabla hujaingia kwenye tope. Ndani plastiki ngumu na vioo vya kuzungusha. Toyota wameiboresha kidogokidogo kwa miaka arobaini na mambo ya msingi hawajayagusa.

Mwaka 2023 wakaiongezea injini ya 2.8 na giaboksi ya otomatiki, ikarudi hadi kuuzwa Japani rasmi. Ila Afrika dizeli ya zamani bado ipo.

Hiyo dizeli ya zamani ni ipi, na injini gani nzuri kwenye zote?

Ya zamani ni 1HZ. 4,164 cc, silinda sita mstari mmoja, haina turbo, pampu ya kimekanika, farasi kama 130. Ilianza 1990. Ni nzito, ni mvivu mlimani, nyuma ya lori kwenye Kitonga utakaa na utaimba nyimbo zote unazozijua, lakini inakunywa dizeli yenye ubora wa mashaka na inaendelea. Haina kompyuta ya kukulilia.

Zilizobaki niseme kwa ufupi mpaka nifike penye shida. 1HD, yaani 4.2 yenye turbo ya 80 na 100, ni tamu sana, ila zile za kwanza kabisa (1HD-T) mafundi wanashauri beringi za konrodi zikaguliwe kwa sababu zilikuwa zinalika mapema. 1KZ ya 3.0 kwenye Prado za miaka ya 90 inavuta vizuri, udhaifu wake ni silinda hedi, ikichemka mara moja hedi inapasuka, kwahiyo rejeta na feni ndo bima yako. 1KD, hii mnayoiita D4D, 3.0 pia, kwenye Prado 120 na 150, hapa shida ni nozeli: dizeli chafu inaziua na vishikizo vyake vya shaba chini vikivuja moshi unaingia kwenye oili na kuziba mrija wa kunyonya oili, injini inakufa kwa kiu. Usikilize ikiwa baridi asubuhi. Ikigonga kama mtu anapiga kokoto kwenye sufuria, uliza bei ya nozeli nne kabla hujauliza bei ya gari.

V8 ya dizeli kwenye 200 ina nguvu za kutosha kila mtu, ila kila kitu viwili viwili, turbo mbili, nozeli nane, sehemu ya kuweka mkono hamna.

Petroli: 2.7 ya Prado (2TR) ni imara mno na vipuri bwelele, tatizo gari linazidi tani mbili na injini ina farasi 163, hesabu mwenyewe. 4.0 V6 ni nzuri na inakunywa.

Nitajuaje hii gari ni injini gani bila kumuamini dalali?

Soma code ya modeli kwenye kile kibati, mara nyingi kipo ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Land Cruiser zote zina herufi J, herufi za kabla ya J ni injini, namba baada ya J ni toleo.

HZJ79: injini 1HZ, toleo la 79, pikapu. HDJ81: 1HD, ni 80 ya turbo. HDJ101 ni 100 yenye 4.2 turbo, UZJ100 ni 100 ya V8 ya petroli, HZJ105 ni ile 100 yenye ekseli nzima mbele, ambayo watu wa porini wanaitafuta kwa tochi. VDJ200 ndo V8 dizeli, URJ202 ni V8 petroli, GRJ200 ni V6. Upande wa Prado KZJ95 ni 1KZ, KDJ120 na kuendelea ni D4D, TRJ150 ni 2.7, GRJ ni 4.0, GDJ150 ni 2.8 ya kisasa. 300 zinasomeka FJA300 kwa dizeli na VJA300 kwa petroli ya 3.5, na 250 ni GDJ250 au TRJ250.

Dalali akikuambia "hii ni dizeli boss, imebadilishwa kibandiko tu" na kibati kimeandikwa TRJ, basi ama injini imebadilishwa ama unaongopewa, na kadi ya gari itasema ni lipi.

Kwanini mashirika na kampuni za safari wamekomaa na hii tu?

Kwa sababu ukiharibikiwa katikati ya Serengeti au kwenye barabara ya kutoka Goma unataka gari ambalo kipuri chake kipo kwenye duka la mji unaofuata, na fundi alishalifungua mara mia. Kampuni za watalii za Arusha na Nairobi zinachukua 78 au 79, karakana inakata chesisi, inarefusha, inaweka viti vya kila mtu na dirisha lake, paa linanyanyuka, na hiyo ndo safari cruiser unayoiona kwenye picha zote za simba. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada wamekuwa wakinunua 70 na Prado kwa makundi. Kuna hata 78 iliyofungwa friji la chanjo la lita 396, ambayo Machi 2021 ilikuwa gari la kwanza la namna hiyo kupitishwa na Shirika la Afya Duniani kwa kubeba chanjo.

Wanajeshi na waasi nao waliligundua zamani. Mapigano ya Chad na Libya ya 1987 yanaitwa Vita vya Toyota kwa sababu Wachad walikuwa wanakimbiza vifaru kwa pikapu za Land Cruiser na Hilux.

Zinatengenezwa Japani tu?

Nyingi ndiyo, Yoshiwara na Tahara ndo viwanda vikubwa. Ila pikapu ya 79 inaunganishwa Mombasa pia, kwenye kiwanda cha AVA, kwa soko la Kenya.

Kenya na Tanzania naweza kuingiza ya mwaka wowote?

Kenya hapana, iliyotumika isizidi miaka minane. Tanzania unaweza kuingiza ya zamani ila umri unaongezewa ushuru, ndo maana KZJ95 na HDJ101 bado unaziona zikitoka bandari ya Dar na Nairobi huzioni zikiingia.

Lexus LX ni Land Cruiser iliyovaa suti?

Kabisa. LX 450 ya 1996 ilikuwa 80, LX 470 ilikuwa 100, LX 570 ilikuwa 200, LX 600 ni 300.

Zimeuzwa ngapi mpaka sasa?

Toyota walitangaza milioni 10 mwaka 2019, kwenye nchi na maeneo yapatayo 170. Mwanzoni kabisa zilikuwa zinatoka nje chini ya 100 kwa mwaka.

FJ Cruiser, Hilux Surf na Fortuner zimo kwenye ukoo?

Surf na Fortuner ni za upande wa Hilux, hazimo. FJ Cruiser iliyotoka 2006 ilikaa kwenye chesisi ya kizazi cha Prado 120, sura ikaiga 40, lakini kwenye jina hamna neno Land. Msichanganye na Land Cruiser FJ iliyoonyeshwa Oktoba 2025, hiyo imo kabisa, ni ndogo kuliko 250, inatumia ileile 2.7 petroli ya Prado na inatengenezwa Thailand. Kwa mwili mdogo kuliko wa Prado injini ile inaweza kupumua kidogo, japo anayetaka dizeli inabidi arudi kwenye 250 au 70.